Sahani ya Aliye Njiani

Divine alinipigia simu kuniuliza kabati la vyombo linaweza kuuzika bei gani. Nikamtajia bei, nikaishusha kidogo kwa mazoea, nikaipandisha tena, ndipo akasema kabati lenyewe ni la mama yake, na mama yake wamemzika Jumamosi. Alidhani nimeshasikia. Namba yangu mpya aliipata kwa Kasongo. Kasongo alidhani Divine ndiye ataniambia, Divine akadhani Kasongo ameshasema, na hivyo ndivyo mtu ambaye nilikula chakula chake mwaka mzima alivyofukiwa bila mimi kushika hata konzi ya udongo. Nilifunga duka langu la Pinetown mchana kweupe, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya ndoa yangu, nikapanda taxi ya mjini, na njia nzima nikawa najaribu kukumbuka maneno ya mwisho aliyoniambia Mama Divine. Yalikuwa yaleyale ya siku zote: "Usikae mbali sana, Zai. Akija atataka kuwajua wote."

Jengo lile la Greyville, hapa Durban, limepakwa rangi upya, kwa nje tu, kama mchumba anayekwenda kujitambulisha. Ndani ngazi zinanuka vilevile, kitunguu cha kukaanga na dawa ya mende, na taa ya ghorofa ya nne bado inafikiri kwanza kabla ya kuwaka. Kasongo alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango, mikono yote miwili juu ya mkongojo, kichwa kimekuwa cheupe. "Zai, umenenepa," akasema. "Na wewe umebaki," nikamjibu. Akatikisa kichwa polepole. "Bon. Tumebaki." Divine alikuwa katikati ya maboksi, amejifunga kitenge cha mama yake juu ya suruali ya kazini, mwisho wa mwezi alitakiwa kurudisha funguo. Tulipoishi wote humu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa ni mwanamke mzima wa Queensburgh, anayeota kwa Kiingereza na kugombana kwa Kizulu, na Kiswahili anakitoa kabatini siku za misiba. Alinionyesha friji, mito, pasi. Halafu akavuta kutoka uvunguni kitu kilichofungwa kwa khanga, nami nikakijua kabla hakijafunguliwa, maana khanga ile ilikuwa yangu. "Na hii, mama mdogo? Eish, hii iko na soko kweli?"

Ilikuwa mashine ya sahani za santuri, na juu yake sahani moja katika jalada lake la kijivu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia sitauanzisha kwa wazazi wangu wala kwa Kigoma. Waliobaki kule hawahusiki. Nauanza na chumba hiki. Kilikuwa kimoja kikubwa, tumekigawa kwa mapazia. Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, alilala karibu na mlango kwa sababu alitoka mapema kwenda kulinda magari ya watu wa mbio za farasi. Mimi nilikuwa upande wa dirisha, kwa sababu nilifika nikasema dirisha linaingiza baridi na nikaomba nipunguziwe kodi, nikapunguziwa, halafu nikakaa dirishani kwa raha zangu. Mama Divine na mtoto walikuwa upande wa jiko. Alikuwa Mrundi, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya uache kutafuna ili umsikie, na ndiye aliyetupikia sote kwa mchango. Kazi yangu ilikuwa kununua vitu kwenye nyumba zinazohamwa, Queensburgh na kwingineko, na kuviuza kando ya barabara. Nilihesabu kila kitu mara mbili, mara moja wakati wa kununua na mara nyingine wakati wa kufika, kwa sababu kati ya Queensburgh na Greyville vitu huota miguu.

Mume wa Mama Divine aliitwa Déo, na alikuwa njiani. Alitoka Bujumbura kwa nchi kavu, akapita kwetu Kigoma, akakata Tanzania, na simu ya mwisho aliipiga kutoka Blantyre. Alisema, "Niko njiani," kisha dakika zikaisha. Sasa mtu yeyote anayesema lugha hii anajua neno hilo lina thamani gani. Fundi akikuambia yuko njiani, ujue bado anatafuta soksi. Mteja akisema yuko njiani, panga vitu vyako uende nyumbani. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa njiani nikiwa nimelala chali kitandani. Lakini Mama Divine alilipokea kama lilivyo, neno zima, bila kukata kitu. Kila jioni alipakua sahani zetu, halafu akapakua ya nne, akaifunika kwa bakuli na kuiweka juu ya kabati la vyombo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka asubuhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji afanyeje mgeni akikawia.

Sahani ile nyingine niliipata Queensburgh. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akiondoa vitu kwenye nyumba ya kaka yake, na kwenye gereji kulikuwa na kisanduku cha sahani za muziki ambazo wakati ule watu walikuwa wakizitupa. Yeye alitaka kuuza moja moja, mimi nikataka kisanduku chote kwa bei ya kisanduku kitupu, tukakutana mahali fulani karibu na upande wangu. Nilipokuwa nabeba akaiona moja iliyokaa mbele, akaishika kidogo. Jaladani palikuwa na picha ya meza ndefu katika chumba kisicho na madirisha. Juu ya meza, sahani nne. Tatu zimetazama juu, ya nne imegeuzwa kifudifudi. Hapakuwa na mtu, wala sura ya mwanamuziki yeyote, wala jina la bendi upande wa mbele, kama bidhaa ambayo mwenyewe haamini itanunuliwa. "Hii kaka alikuwa akiisikiliza mlango umefungwa," akasema kwa Kiingereza cha polepole alichokiona kinanifaa. "Ukiiweka, usitoke chumbani. Haiishi yenyewe." Nilidhani ni maneno ya biashara. Nikamwambia kitu kisichoisha ni kibovu, anipunguzie tena. Akanipunguzia bila kucheka, na hilo halikunifurahisha kama ilivyopaswa.

Mashine ilikuwa ya Kasongo, ameiokota karibu na uwanja wa mbio na kuitengeneza kwa waya wa feni. Kabla hatujaiwasha tuligombana kwanza juu ya jina. Yeye alikiita kitu kile disque. Mimi nikasema ni sahani ya santuri, ndivyo wazee wa Ujiji walivyoiita. Mama Divine kutoka jikoni akauliza, kama ni sahani, mbona haijaoshwa. Basi tukaiweka. Ngoma zilikuwa kavu kama mtu anayegonga bomba la maji la jirani. Gitaa lilikwaruza. Nyuma yake kulikuwa na kinanda cha umeme kinachovuma noti moja kama friji iliyoachwa katika nyumba tupu, na juu ya vyote kijana wa Kiingereza anayeimba bila kufungua meno, kama aliyeitwa ofisini kusoma wosia wa mtu asiyempenda. Hakuna aliyejua anachosema. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha bei na saizi ya viatu. Kasongo alidai anaelewa, akatutafsiria nyimbo zote, na zote kwa tafsiri yake zilihusu mali ya marehemu. "Hapa anauliza nyumba iko ya nani. Hapa shangazi anakatala." Tulicheka. Lakini niliona kwamba kila wimbo ulipokwisha, sote watatu tulitazama mlango.

Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ulikuwa wa polepole. Ngoma zikaondoka, gitaa likaondoka, kinanda kikabaki kikivuma, kisha sindano ikafika karibu na karatasi ya katikati na haikunyamaza. Ilinasa mahali. Kulikuwa na kishindo kidogo kama hatua ya mguu mmoja, halafu sauti ya mtu ambaye si yule mwimbaji, mtu anayesema kutoka upande wa pili wa ukuta. Kishindo, sauti. Kishindo, sauti. Mara ya kwanza sikusikiliza. Mara ya tatu nikaacha kutafuna.

"Iko njiani," akasema Kasongo. Hakuwa akiongea, alikuwa akirudia alichosikia.

"Yuko," nikamwambia. "Yuko njiani. Mtu ni yuko."

"Mi nasikia iko."

"Kwa sababu kwenu hata mfalme ni iko."

"Sikiliza vizuri, dada. Anasema iko."

Tuligombana hivyo juu ya sarufi, watu wawili wazima, huku sahani ikizunguka na sauti ya Mwingereza ikisema kwa Kiswahili kitu ambacho hakuna Mwingereza aliyekuwa na sababu ya kusema. Nikageuka nikamwona Mama Divine. Alikuwa amesimama kwenye pazia na mwiko mkononi, ugali unadondoka sakafuni, na yeye si mtu wa kudondosha ugali. Hakutuuliza sisi. Aliinama karibu na mashine, kama unavyomwinamia mtoto aliyerudi analia, akauliza: "Nani?"

Yuko njiani, ikasema mashine. Yuko njiani.

Nilikuwa nimeshapata mnunuzi. Mzungu mmoja, naye wa Queensburgh, aliyekuja kwenye meza yangu kila wiki kupekua sahani kwa vidole viwili kama anayetafuta chawa. Aliniambia hiyo ni albamu ya kwanza ya bendi ya Waingereza, ya mtindo ulioitwa new wave, yaani wimbi jipya. Mimi nimekaa Durban, wimbi halijawahi kukaa jipya muda mrefu. Walikuja kuwa na pesa na suti, akasema, lakini sahani hii waliitengeneza wakiwa bado wanalala kwenye gari, na mfereji wake wa mwisho waliufunga makusudi ujizungukie kama mbwa anayefukuza mkia, ili msikilizaji ainuke mwenyewe kuukomesha. Akataja bei ambayo ilinifanya nikohoe. Nilirudi nyumbani kuichukua, nikamkuta Mama Divine amekaa sakafuni mbele ya mashine, Divine amelala mapajani. "Usiiuze," akasema. Nikamweleza bei. "Usiiuze, mdogo wangu." Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nikamuuliza atanipa nini. Hakuwa na kitu, aliangalia chumba kizima akiona kwamba hana kitu, mpaka macho yake yakafika juu ya kabati la vyombo. Sahani iliyofunikwa, ikifika asubuhi bila kuliwa, itakuwa yangu. Kila asubuhi, mpaka Déo afike. Sahani kwa sahani. Niliona nimepata, maana chakula cha mwaka kinaishinda bei ya Mzungu yeyote. Tukapeana mikono, na mkono wake ulikuwa wa baridi na unga.

Hivyo nikawa mtu anayekula chakula cha aliye njiani. Kabla ya kutoka nilifunua bakuli, nikala maharage yaliyoganda, na sikuwahi kuweza kukila nikiwa nimekaa. Chakula kile kilikuwa na chumvi kidogo zaidi ya chetu. Nilimuuliza siku moja, akasema Déo hupenda hivyo. Nikajifunza ladha ya mtu nisiyemjua. Mpaka leo naweka chumvi hivyo na mume wangu analalamika.

Katikati ya mambo hayo ikaja habari ya Pinetown. Mke wa mchungaji wao alimpatia Mama Divine nafasi katika kiwanda cha kushona, na chumba cha nyuma kwa mtu wanayemjua, chenye mlango wake na bomba lake. Nilikuwa dirishani, na pazia si ukuta, kwa hiyo nilisikia. "Mungu anafungua mara moja," alisema mke wa mchungaji. "Ikifika Jumatatu baada ya Pasaka hujaenda, wanampa mwingine." Mama Divine akasema, "Anwani aliyonayo ni hii." "Tutaacha ujumbe kwa watu wa hapa." "Watu wa hapa wanahama." "Na wewe utakaa mpaka lini?" Halafu nikasikia kibonyezo cha mashine, sindano ikawekwa moja kwa moja mwishoni kwa mkono uliozoea, na ile hatua ya mguu mmoja, na ile sauti. Mke wa mchungaji aliondoka bila kumaliza chai. Pale kwenye ngazi nilimsikia akimuuliza Kasongo kama nasi tunasikia, na Kasongo akamjibu kwa heshima kwamba tunasikia, ila hatujakubaliana kama ni iko au yuko.

Ukitaka kujua mwaka ule ulikuwaje, ndivyo ulivyokuwa. Mtoto akacheza kwa mdundo ule. Kasongo akaanza kugonga mlango mara moja, akangoja, akagonga tena, bila kujua anafanya hivyo. Mimi nikiwa barabarani nahesabu vitu vyangu, nililisikia neno lile likinitoka mdomoni mahali pa namba.

Ijumaa Kuu Mama Divine alipika samaki wa kopo kwa nyanya na kitunguu kingi, akapakua, akafunika, akaweka. Asubuhi nilifunua bakuli na sahani ilikuwa tupu. Si tupu tu. Ilikuwa imeoshwa, imekauka, na imegeuzwa kifudifudi. Nilimwamsha Kasongo kwa mguu. "Umekula changu." Aliapa kwa mama yake, halafu kwa bibi yake, na Kasongo hali kiapo cha bibi ovyo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na komeo lile lilipiga kelele ya kuamsha jengo. Mtoto hafiki juu ya kabati. Mama Divine alipotoka kwenye pazia akaona sahani, alikaa chini. Nilitegemea atalia. Akatabasamu, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Ameshiba." Nikamwambia ni panya. Nikajisikia mjinga, maana panya wa Greyville nawajua, hawaoshi vyombo.

Jumapili ya Pasaka, jua likiwa bado juu, tukasikia kishindo mlangoni. Kimoja. Halafu kimya. Halafu kimoja. Mashine haikuwa imewashwa. Kasongo alikuwa ndani pamoja nasi, amekaa kitandani kwake, na tulitazamana. Mama Divine ndiye aliyefungua.

Alikuwa kijana mwembamba mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, na mguu mmoja anauburuza, ndiyo maana aligonga hivyo, akiegemea kupumzika kila mara. Mabegani alikuwa na begi la kijani. Mama Divine aliliangalia begi kwanza. "Shikamoo mama," akasema. "Naitwa Joni. Hapa ndipo kwa Mama Divine?" Alitokea Mbeya, alikutana na Déo Blantyre, wakatembea pamoja Msumbiji yote, na kutoka mpakani yeye alidandia lori. Tulimpa maji, akanywa, tukampa mengine. Ilikuwa Ijumaa Kuu, akasema, ukingoni mwa mto mdogo kabla ya mpaka. Mguu wa Déo ulikuwa umevimba hawezi kuvaa kiatu. Walikuwa wamebaki na kipande cha mkate, Joni akakigawa, akampa sehemu yake.

"Akakataa, mama. Akasema, nimeshiba. Nikamwambia kaka, tangu jana hujala. Akasema, kula wewe, mimi nimeshiba kabisa. Na alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba kweli, sijui niseme vipi. Akanipa begi. Akaniambia niende, kwa kile Kiingereza chake cha kujifunzia njiani. Tukacheka wote. Halafu nilipovuka mto akaniita, akasema kwa Kiswahili: waambie niko njiani."

Divine alikuwa anafungua zipu ya begi na kuifunga. Nilitazama kabati, sahani ile bado ilikuwa kifudifudi, hakuna aliyethubutu kuigeuza. Joni alimwacha kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza korosho. Kasongo alimpata dereva wa lori wa njia hiyo, na baada ya muda dereva akarudi na jibu: mama wa korosho alimpa Déo mkeka, na asubuhi mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri na yeye hayupo. Aliyemwona alimwona akitembea, akielekea huku. Hakuzikwa mahali. Hakufungwa mahali. Tuliuliza kila tulikojua kuuliza, na kila jibu lilikuwa lilelile la sahani.

Jumatatu mke wa mchungaji alikuja na teksi ya kukodi, amevaa viatu vya safari. Mama Divine alimkaribisha chai. Alisema anashukuru, ila sasa hawezi kuondoka kabisa, maana Déo amekaribia. Nafasi ile ya Pinetown niliichukua mimi. Sikuiba, niliuliza mara mbili. Mara zote mbili Mama Divine alisema, "Nenda, mdogo wangu, wewe humngoji mtu." Nilijifunza kushona zipu, halafu kuuza zipu, halafu nikafungua duka, na kila nilichonacho kimeanzia kwenye chumba kile chenye bomba lake. Nilipokuja kumtembelea sikuikuta sahani yangu ya asubuhi, kwa sababu nilikuja mchana. Lakini ya nne niliiona, juu ya kabati, miaka yote, imefunikwa.

Divine hakuyajua haya, au aliyajua kama watoto wanavyojua, kwa harufu. Alichomeka mashine ukutani. "Tuone kama inafanya kazi," akasema, "siwezi kuuza kitu sijui kama iko sharp." Kasongo alinyoosha mkono kumzuia, halafu akaurudisha kwenye mkongojo. Divine hakujua kuweka sindano, akaiangusha ovyo karibu na katikati, na ikaangukia palepale. Kishindo. Sauti. Kishindo. Sauti. Imechakaa kwa kusikilizwa, imekuwa na mchanga ndani yake, kama mtu aliyetembea sana.

"Iko njiani," akasema Kasongo taratibu.

"Yuko," nikasema.

Divine alitutazama kama tumeshikwa na kichaa. "Hapana, hiyo ni Kiingereza," akasema. "Anamwambia mtu aende. Sikiliza. *You go, Johnny. You go, Johnny.* Nyinyi mlikuwa mnasikia nini?"

Nilishika ukingo wa kabati. Ilitoka wazi kabisa, sasa alipoisema, kila herufi mahali pake, haikuwahi kuwa kitu kingine. Halafu nikasikiliza tena na ikawa ile yetu ya zamani, nayo wazi kabisa. Zilikaa zote mbili katika mfereji mmoja, hakuna iliyomsukuma mwenzake. Kwa Kiingereza chake cha kujifunzia njiani, alisema yule kijana, Joni. Tukacheka wote. Kasongo alikuwa ananitazama, naye amefikia hapohapo.

"Johnny ni nani?" akauliza Divine.

Nikamsimulia. Nilisimulia vibaya, nikirudi nyuma kusahihisha, na muda wote ule sahani ilizunguka kwa sababu hakuna aliyeinuka. Nilipofika kwenye mto Divine alikaa juu ya boksi. Nilipofika kwenye mkate alifunga macho. Baadaye akasema, "Kwa hiyo ilikuwa inasema enda. Miaka yote. Na yeye akakaa."

"Haikuwa inamwambia yeye," nikasema.

"Na mimi je?"

Kasongo ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha sarufi: "Wewe unasikia Kiingereza, mtoto. Basi enda."

Aliinua sindano yeye mwenyewe. Kimya kilichofuata kilikuwa na umbo, kama mahali kabati lilipokaa. Alinipa sahani bila kutaja bei, nami nikaipokea bila kutaja bei, biashara ya kwanza na ya mwisho ya namna hiyo. Mashine alichukua Kasongo. Mimi nyumbani sina, na sitanunua.

Jioni ile tulimalizia kufunga. Vyombo nilifunga mimi, ndiyo kazi yangu, kila kimoja katika karatasi yake ya gazeti, huku Divine akipika kitu cha mwisho kwenye jiko ambalo lilikuwa halijauzwa: samaki wa kopo, nyanya, kitunguu. Tulikula tumesimama. Niliosha, nikakausha, nikafunga. Divine alisema tutangulie na maboksi, yeye anazima taa. Kwenye ngazi nilifungua boksi la vyombo kama nilivyozoea kabla kitu hakijaondoka mlangoni. Sahani, tatu. Nikahesabu tena. Tatu. Juu yetu nikasikia bakuli likiwekwa juu ya kitu polepole, na mlango ukirudishwa bila komeo.

Nikafunga boksi. Divine aliposhuka akaniuliza kama vyote vimetimia, nikamwambia vimetimia.